Meli za Ziwa Nyasa nazo hushika kutu

Kyela wengi huamini meli ya Ziwa Nyasa haiozi, kwa kuwa maji hayana chumvi. Si kweli. Chumvi huongeza kasi tu. Kutu inahitaji maji na oksijeni, na vyote vimejaa ziwani. Hata vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye meli ili viliwe badala ya chuma baharini hufanya kazi hafifu kwenye maji yasiyo na chumvi. Hapa inafaa magnesiamu.

Kutu mbaya huanzia ndani: kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya meli), matanki na pembeni mwa maungio ya kuchomelea. Droni au roboti ya sumaku hupita huko ikipiga picha, na programu huchagua madoa ya kutiliwa shaka. Lakini picha haipimi unene. Mchirizi wa rangi ya chungwa unaweza kuwa umetoka kwenye boliti moja tu, huku bamba linalong'aa likiwa limeliwa upande wa pili.

Unene hupimwa kwa altrasaundi, yaani sauti ambayo sikio halisikii. Kwanza rekebisha usomaji wa kifaa kwa kipande cha chuma cha unene unaojulikana, futa uchafu, paka jeli, bonyeza kihisio. Sauti husafiri kwenye chuma takriban mita 5,900 kwa sekunde; kifaa hupima muda wa mwangwi. Hapa ndipo wengi huteleza: sauti huenda polepole kwenye rangi, hivyo milimita 1 ya rangi inaweza kusomeka kama zaidi ya milimita 2 za chuma. Bamba lililochoka likaonekana zima! Tumia kifaa kinachopima muda kati ya mwangwi mmoja na unaofuata ndani ya chuma, ili rangi isihesabiwe, au kwangua rangi kwanza. Bamba la milimita 10 likibaki na 8, zungumza na mkaguzi kuhusu kulibadilisha.