Spesa ya gurudumu ni nini, na kwa nini bolti hukatika

Spesa ni bamba nene la aluminiamu au chuma linalokaa kati ya habu (kitovu kinachofungiwa gurudumu) na janti (chuma kinachovikwa tairi) ili gurudumu litokeze nje zaidi. Spesa ya milimita 30 kila upande huongeza milimita 60 kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Ni hivyo tu: hainyanyui gari wala haiongezi nguvu ya injini.

Faida yake huonekana kwenye matope. Land Cruiser 79 yenye injini ya V8 ina magurudumu ya nyuma yaliyobanana kuliko ya mbele kwa milimita 95 hivi. Ukitoka Goma ukapita Sake kupanda Masisi wakati wa mvua, tairi za mbele hukata mfereji wake na za nyuma hukata mwingine, na injini hulipia yote miwili. Spesa za milimita 45 kila upande nyuma karibu zimalize tofauti hiyo. Wengine huzifunga kwa sababu tairi pana zinasugua chasisi usukani ukikatwa hadi mwisho.

Wengi hudhani gurudumu linaning'inia kwenye bolti. Sivyo. Nati, au ekru kama isemwavyo garajini, ikikazwa, bolti hurefuka kidogo sana na kuivuta janti igandamane na habu. Msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba gari. Mgandamizo ukilegea, bolti hupindwa huku na huku kila gurudumu likizunguka, mpaka inakatika. Spesa inaongeza jozi ya pili ya nyuso, kwa hiyo kutu, mchanga au rangi nene iliyobaki hapo leo ni ulegevu wa kesho.

Spesa nyembamba, za milimita 3 hadi 10, hazina bolti zake, huchomekwa tu. Hizo hula uzi wa bolti, yaani mistari inayoshika nati. Bolti ya M12 (unene wa milimita 12) yenye hatua ya milimita 1.5 kati ya mstari na mstari inataka nati iingie angalau mizunguko 8, na spesa ya milimita 5 pekee inakula zaidi ya mitatu. Zungusha nati kwa mkono, hesabu. Isipofika 8, usiifunge.

Spesa nene hufungwa kwenye habu kwa nati zake, kisha janti hufungwa kwenye bolti za spesa yenyewe. Hizi ni bora, ila zina mtego wake: bolti za habu zikiwa ndefu kuliko unene wa spesa, ncha zake husukuma janti. Nati zinakaza vizuri, fundi anaridhika, kumbe janti haijakaa. Laza rula juu ya spesa iliyofungwa; ikigusa ncha ya bolti, ama janti iwe na vishimo vya kuzipokea, ama utafute spesa nene zaidi. Tundu la katikati ya spesa nalo lilingane na habu: takriban milimita 106 kwa Toyota nyingi za bolti 6, na 110 kwa Land Cruiser za bolti 5. Likiwa kubwa mno, spesa inakaa pembeni na usukani unatetemeka.

Kusanya rondeli, yaani washa, badala ya spesa? Hapana kabisa. Zinagusa sehemu ndogo tu, na msuguano unapotea.

Piga habu brashi ya waya, usipake grisi kwenye uzi, kaza kwa kuvuka upande hadi upande. M12 inataka karibu Nm 110 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), sawa na kusukuma kilo 22 mwishoni mwa mpini wa nusu mita. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya mpini huo anaweka zaidi ya mara tatu, na bolti iliyovutwa hivyo haishiki tena sawasawa. M14 inataka zaidi. Fuata kitabu cha gari. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza tena, na kwa spesa nene lazima uvue gurudumu, kwani nati zake zimejificha nyuma ya janti. Hapo ndipo wengi huona uvivu.

Beringi hubeba mzigo zaidi, na usukani hupiga mkononi tairi ikigonga jiwe la lava. Janti iliyotokeza nje kwa kiasi hichohicho ingefanya vilevile, kwa hiyo spesa isilaumiwe peke yake.

Ukiona vumbi jekundu la kutu likitoka kwenye matundu ya nati, zilikuwa zinacheza. Usikaze ukaondoka: vua, angalia kama matundu yameliwa, na ubadilishe bolti zote za habu hiyo, hata zile zinazoonekana nzima.