Ruzuku ya Utafiti Hupewa Chuo: Mambo ya Kukamilisha Kabla ya Kutuma Andiko

Kila msimu wa kutuma maandiko ya miradi unapokaribia, malalamiko yanayofika katika kurugenzi za utafiti za vyuo vikuu huwa ni yale yale: andiko lilikuwa tayari, mfadhili ana fedha, lakini ofisi imekwamisha. Kwa kuwa malalamiko hayo yanazidi kuongezeka, ni vyema jambo moja likaeleweka mapema. Ruzuku kubwa, karibu zote, hupewa chuo wala si mhadhiri. Mtafiti mkuu ndiye mwenye wazo na ndiye atakayeongoza kazi, ila anayesaini mkataba, anayepokea fedha na anayedaiwa kuzirejesha zikitumika kinyume ni taasisi. Kwa sababu hiyo taasisi haiwezi kutia saini andiko ambalo halijasomwa na yeyote, hata kama aliyeliandika ni profesa anayeheshimika sana.

Fursa zipo. Programu ya Umoja wa Ulaya iitwayo Horizon Europe ilianza mwaka 2021 na mwisho wake ni mwaka 2027, hivyo anayekusudia kuingia katika muungano wa washirika unaoomba pamoja asisubiri tena. Taasisi za nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zinaruhusiwa kupokea fedha zake. Ruzuku za Baraza la Utafiti la Ulaya (ERC) zina sharti la namna nyingine: mwombaji anaweza kuwa raia wa nchi yoyote, lakini taasisi mwenyeji lazima iwe katika nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya au nchi iliyojiunga na programu. Nchini Marekani, Taasisi za Taifa za Afya (NIH) hupokea maombi mapya ya R01, yaani ruzuku yake kuu ya miradi ya utafiti, tarehe 5 Februari, 5 Juni na 5 Oktoba. Tangu Septemba 2025, NIH haipokei maombi zaidi ya 6 kwa mwaka kutoka kwa mtafiti mkuu mmoja, na haikubali andiko lililotayarishwa kwa sehemu kubwa na akili mnemba. Kwa watafiti wa nchi zinazoendelea ipo pia TWAS, akademia ya sayansi iliyoanzishwa mwaka 1983 yenye makao yake Trieste. Ruzuku zake ni ndogo, lakini mtafiti aliyesimamia ruzuku ndogo na kuifunga kwa ripoti kamili hutazamwa kwa jicho jingine anapoomba kubwa.

Sasa taratibu, ambazo ndizo huangusha wengi. Chuo lazima kiwe kimesajiliwa katika mfumo wa mfadhili na kuwa na namba ya utambulisho iliyo hai. Usajili katika mfumo wa serikali ya Marekani uitwao SAM huhuishwa kila mwaka, na kuuhuisha kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Mhadhiri asijaribu kukisajili chuo upya kwa haraka zake, kwani taasisi moja ikionekana mara mbili katika mfumo, maombi yake hukwama mpaka usajili wa ziada uondolewe. Aidha, tarehe ya mwisho ina saa yake: miito ya Horizon Europe, yaani matangazo ya kukaribisha maandiko, kwa kawaida hufungwa saa 11 jioni kwa saa za Brussels, na mfumo hujifunga wenyewe. Hakuna barua ya mkuu wa idara itakayoufungua.

Idadi ya kurasa nayo si ushauri. Sehemu ya mkakati wa utafiti katika R01 haipaswi kuzidi kurasa 12, na ile ya malengo mahususi ni ukurasa mmoja. Katika Horizon Europe, kurasa zinazozidi kikomo hufichwa na mfumo, kwa hiyo mtathmini hazioni kabisa. Mwandishi aliyeweka hoja yake nzito mwishoni mwa kurasa hizo atakuwa ameandika bure.

Bajeti ndiyo inayosomwa kwa makini kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu kinachosema "usafiri na kazi za uwandani" kikifuatiwa na jumla moja hakimwambii mtathmini lolote. Kiandikwe hivi: wasaidizi wa utafiti 2, siku 20, kiwango cha posho kwa siku, gari 1, umbali unaokadiriwa. Kisha idadi hizo zilingane na sura ya mbinu. Ikiwa sampuli inatoka vijiji 6 na bajeti imehesabu 4, mtathmini ataona.

Na hapa lazima tuseme wazi: ruzuku si nyongeza ya mshahara, na gharama zisizo za moja kwa moja si makato ambayo chuo kinamfanyia mtafiti. Horizon Europe kwa kawaida huzilipa kwa kiwango cha asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja zinazostahili, ili zigharimie umeme, uhasibu, maktaba na ukaguzi. Kuziondoa katika bajeti ili andiko lionekane la bei nafuu hakumfurahishi mfadhili, na mzigo hubaki kwa chuo.

Matumizi yasiyo na stakabadhi, au yaliyohamishwa kutoka kifungu kimoja kwenda kingine bila idhini pale mkataba unapoitaka, hukataliwa wakati wa ukaguzi, na chuo hurudisha fedha hizo. Masurufu, yaani fedha zilizochukuliwa mapema kwa ajili ya kazi, yasiyorejeshewa hesabu huingia katika hoja za ukaguzi na huweza kukatwa katika mshahara kwa mujibu wa kanuni za taasisi. Nyaraka za miradi mingi ya Horizon Europe hutunzwa kwa miaka 5 baada ya malipo ya mwisho. Kubuni data, kuzipotosha au kuiba maandishi ya mwingine kunaweza kumfungia mtafiti mlango wa kuomba tena, mbali na hatua za kinidhamu.

Anayetaka kutuma andiko katika msimu ujao alete kwanza katika kurugenzi ya utafiti muhtasari wa ukurasa mmoja, jina la mwito, rasimu ya bajeti na orodha ya washirika, hata kama mbinu bado haijakamilika. Maombi ya kibali cha maadili yaanze kutayarishwa sambamba na andiko. Mwenye mradi wa zamani usio na ripoti ya mwisho aufunge kwanza, kwa kuwa mfadhili huweza kuzuia malipo ya mwisho mpaka ripoti hiyo ifike.