Tovuti ya mashabiki kwenye simu za kila aina: dhana potofu na ukweli

Mechi ya watani wa jadi ikikaribia, tovuti ya mashabiki wa Simba au Yanga hufunguliwa na vifaa vya kila namna kwa wakati mmoja: simu janja ya bei nafuu pale jukwaani, iPhone ya mwanachama aliyeko Muscat, kompyuta ya ofisini, na kitochi chenye intaneti. Wote hao ni mashabiki halali, na wote wanataka kujua mpira unaanza saa ngapi.

Dhana: "Ikifunguka vizuri kwenye Chrome, imefunguka kote."

Chrome ya Android na Chrome ya iPhone zinafanana jina tu. Katika sehemu kubwa ya dunia, vivinjari vyote vya iPhone hutumia WebKit, injini (programu ya ndani inayochora ukurasa) ileile ya Safari. Hitilafu ya Safari basi utaikuta pia ndani ya Chrome na Firefox za iPhone, na kumwambia shabiki abadilishe kivinjari hakumsaidii.

Kinachoumbuka zaidi ni kihesabio cha muda uliobaki kabla ya kipenga cha kwanza. Tuseme mechi ni saa 11 jioni, na msimbo umeandikwa `new Date("2026-05-02 17:00")`. Chrome inakubali. Safari za zamani hukataa ile nafasi iliyo katikati, na mahali pa saa na dakika panatokea NaN, yaani "si namba". Ukiweka herufi T, yaani `2026-05-02T17:00`, kihesabio kinafanya kazi, lakini sasa kila simu inasoma saa 11 ya mahali ilipo. Muscat iko saa moja mbele ya Dar es Salaam, hivyo kule kitafika sifuri saa nzima kabla ya mechi. London, wakati wa kiangazi, kitafika sifuri saa mbili baada ya mpira kuanza, watu wameshatoka uwanjani. Andiko sahihi ni `2026-05-02T17:00:00+03:00`, ambapo `+03:00` hutaja saa za Dar es Salaam. Na anayejaza ratiba akumbushwe: saa 11 jioni ni 17:00. Akiandika 11:00, ameipeleka mechi saa 5 asubuhi.

Dhana: "Skrini ya simu ina upana wa pikseli 720, basi nibuni ukurasa wa pikseli 720."

Pikseli za kioo si pikseli za CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa. Simu ya 720 kwa 1600 kwa kawaida hukipa kivinjari upana wa 360 tu, kwa sababu kila pikseli ya CSS huchukua mbili za kioo. Ili upana huo utumike, weka ndani ya `head` mstari huu: `<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`. Bila huo, simu hudhani ukurasa ni wa kompyuta wenye upana wa takriban 980, kisha huubana wote mpaka herufi hazisomeki. Usiongeze `user-scalable=no`; unamnyima mwenye macho dhaifu nafasi ya kukuza maandishi.

Msimamo wa ligi ndio mtihani wenyewe. Nafasi, timu, mechi, ushindi, sare, vipigo, mabao, tofauti, pointi: safu tisa hazikai katika 360, na jedwali likizidi, ukurasa mzima huanza kuyumba kushoto na kulia. Lifunge ndani ya `div` yenye `overflow-x: auto` ili jedwali peke yake ndilo lisogee. Safu ya timu ipe `position: sticky; left: 0` pamoja na rangi ya usuli, la sivyo tarakimu zitaonekana zikipita chini ya jina. Wengine huficha safu kwenye simu. Hatushauri hivyo, maana tofauti ya mabao ndiyo mashabiki wanayobishania.

Dhana: "Opera Mini na vitochi si wa kuhesabiwa."

Opera Mini inapobana data, ukurasa hutayarishwa kwenye seva kisha hutumwa ukiwa umeshabanwa, ndiyo maana wanaochunga bando huipenda. Lakini JavaScript hukimbia kule kwenye seva kwa muda mfupi, halafu ukurasa hutulia kama picha. Kihesabio kinasimama, na fonti yako maalumu haionekani. Kwa hiyo saa ya mechi iandikwe kwa maneno ndani ya HTML, kihesabio kije juu yake kama nyongeza.

Kitochi cha KaiOS 2.5 (mfumo endeshi wa vitochi vyenye intaneti) kina skrini ya 240 kwa 320 na injini ya Firefox ya mwaka 2016. Hakijui `grid`, mpangilio wa CSS wa safu na mistari, wala picha za WebP. Panga kwa mtiririko wa kawaida kwanza, kisha weka gridi ndani ya `@supports (display: grid)`. Picha ziweke ndani ya `picture`, WebP mbele na JPEG nyuma, na kila `img` iwe na `width` na `height` ili maandishi yasiruke picha zinapofika.

Dhana: "Rangi za klabu zinajitosheleza."

Njano tupu juu ya nyeupe ina utofauti wa takriban 1.07 kwa 1, wakati WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Nyekundu ya `#FF0000` juu ya nyeupe hufika 4 tu; ikolezwe hadi `#C00000`, itapita 6. Njano iwe usuli, herufi ziwe za kijani kilichokolea. Juani jukwaani tofauti hiyo ndiyo kuona au kutoona.

Dhana: "Nimelipunguza dirisha la kompyuta, nimeshajaribu."

Umejaribu upana tu. Injini ni ileile, kipanya ni kilekile. Menyu inayofunguka kwa kupitishiwa kipanya hukwama kwenye kidole, kwa hiyo ifunguke kwa kubonyezwa. Kisanduku chenye herufi chini ya pikseli 16 huifanya iPhone ikuze ukurasa ghafla shabiki anapoanza kuandika. Bango la `100vh`, yaani la urefu wa skrini nzima, hufichwa chini na upau wa anwani. Tumia `100svh`, inayohesabu urefu upau ukiwa umeonekana, ukitanguliza `100vh` kwa vivinjari vya kabla ya 2022. Haya yote huonekana ukiwa na Android moja na iPhone moja mkononi, zikishikwa wima, kisha zikilazwa.