"Wote ni Walewale": Kejeli Inavyomlinda Mtawala

Wengi hudhani utawala wa kimabavu husimama kwa sababu wananchi wameumeza uongo wake. Mimi huchambua propaganda ya Urusi, na ninachokiona ni kingine: serikali haihitaji kuaminiwa. Inatosha wananchi wasimwamini yeyote.

Chukua kisa cha Salisbury, Uingereza. Machi 4, 2018, jasusi wa zamani wa Urusi, Sergei Skripal, na binti yake Yulia waliwekewa Novichok, sumu kali inayoshambulia mishipa ya fahamu. Walipona. Julai, mkazi wa eneo hilo, Dawn Sturgess, akafa baada ya kujipulizia chupa ya manukato iliyokuwa na sumu hiyohiyo. Septemba, Warusi wawili walioshukiwa kuweka sumu hiyo walihojiwa na RT, televisheni ya serikali ya Urusi, wakadai walikuwa watalii waliofuata kanisa lenye mnara wa mita 123. Warusi wenyewe waliangua kicheko, mitandao ikajaa utani. Desemba, RT ikawatumia waandishi wa habari zawadi ya sikukuu: kanisa la Salisbury la chokoleti.

Mtu amekufa, nao wanagawa chokoleti! Lakini tazama mbinu yenyewe. RT haikuhangaika kuutetea uongo, ilijiunga na wachekaji, na swali la nani aliagiza likapotelea kwenye vicheko. Oktoba 2018 Levada, kituo cha kura za maoni cha Urusi, kiliwauliza Warusi nani alihusika na sumu hiyo. Asilimia 3 walitaja majasusi wa Urusi, 28 wa Uingereza, na 56 wakasema angeweza kuwa yeyote.

Hao 56 ndio mtaji wa Kremlin, yaani ikulu ya Urusi. Si lazima wampende Putin. Kejeli huwapa hadhi ya watu wajanja wasiodanganyika, nao huilinda hadhi hiyo kwa kumshuku kila mtu. Mpinzani akifichua ufisadi, wanauliza kalipwa na nani. Na kama wote ni wezi, kwa nini umwondoe uliyemzoea?

Sisemi watu waache utani. Utani unaomtaja mtenda na tendo lake huuma, na Kremlin inalijua hilo: Machi 2019 Urusi ilipitisha sheria ya kuwatoza faini wanaoidharau serikali mtandaoni, na waliojikuta mashakani mapema ni watu wa kawaida waliomtukana Putin waziwazi. Wanaosema "wote ni walewale" hawamtishi mtawala.