Je, wajua kwa nini farasi mpole akiingizwa kwenye ukumbi wa ndani wa kupandia farasi asioujua anabadilika kabisa?

Hili jambo linachanganya wapandaji wengi. Nje huko alikozoea farasi ametulia tuli, unapita naye kando ya trekta hageuzi hata sikio, afu siku unampeleka kwenye ukumbi mgeni, una paa, kuta nne, mchanga umesawazishwa vizuri, hakuna upepo wala mbwa, yani kwa akili zako hapa ndo salama kuliko kokote, na yeye anaingia shingo juu, anakoroma puani, kona ya mbali hataki hata kuisogelea, na kiti kimoja tu cha plastiki kinamfanya aruke pembeni nusura akuache hewani. Watu watasema huyo anakujaribu, mchape. Mimi naona si kiburi. Taarifa zinazomfikia hapo ndani zina kasoro, na mnyama ambaye silaha yake ni miguu, akiwa hajaelewa kitu, hakai kuuliza maswali.

Anza na macho. Yamekaa ubavuni mwa kichwa kwa hiyo anaona karibu nyuzi 350 kumzunguka, panapompotea ni pale mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Usiku anaona vizuri kutuzidi sababu nyuma ya jicho ana utando unaorudisha mwanga. Sasa shida iko kwenye kuhama, akitoka juani akaingia penye kivuli jicho lake linachukua muda mrefu kuzoea kuliko letu. Wewe umeshaona ukumbi wote hadi viti vya watazamaji, yeye bado anaona giza lenye mabaka, na ile michirizi ya jua inayopita dirishani ikaanguka mchangani kwake yaweza kuwa shimo au kitu cha kuruka. Afu kuna kumbi zimebandikwa vioo ukutani ili mpandaji ajiangalie mkao wake, na farasi ambaye hajawahi kuviona anakuta farasi mwingine anamjia bila kunukia chochote!

Masikio nayo yana kisanga chao, na kwangu hapa ndo penye utamu. Farasi anasikia sauti nyembamba hadi kama kilohezi 33, sisi tunaishia kwenye 20 hivi, so ile taa au spika inayolia kidogo ambayo wewe hata hujui kama inalia, yeye anaisikia. Lakini kujua sauti imetokea wapi hajajaliwa kabisa. Binadamu tunaweza kutofautisha sauti mbili zilizoachana kwa nyuzi 1 hivi, farasi anahitaji ziachane kama nyuzi 25. Nje anajisaidia, anasikia kitu, anainua kichwa, anatazama, anaona ni ndege, basi yameisha. Ndani ya ukumbi wa mabati sauti inagonga paa inarudi, inagonga ukuta inarudi, na akigeuka kutazama anaona mbao tu. Mtu akidondosha ndoo nje ya ukuta, kwa farasi ni kama kishindo kimetoka pande zote.

Halafu kuna lile la kumzungusha kushoto mpaka akazoea ile kona, ukibadilisha mwelekeo kwenda kulia anashtuka upya kwenye kona ileile. Utasikia watu wakieleza kwamba eti ubongo wa farasi umegawanyika, jicho la kushoto halijui la kulia limeona nini. Si kweli, mtafiti wa farasi Evelyn Hanggi alionyesha mwaka 1999 kwamba farasi akijifunza kitu kwa jicho moja anakitambua hata kwa lile lingine. Jibu zuri zaidi liko kwenye utafiti wa Colorado State University ya Marekani uliotoka 2021: farasi walizoeshwa midoli mikubwa ya watoto kuchezea, ile yenye bembea na mtelezo, wakaizoea kabisa, ilipogeuzwa nyuzi 90 wakaishangaa kana kwamba ni kitu kipya. Kumbe ukibadilisha upande, kona ile kwake imegeuka sura. Kwa hiyo ukumbi mmoja hesabu ni kumbi mbili.

Na bado hatujakutaja wewe uliye mgongoni. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden waliwaambia watu wanaoongoza au kupanda farasi kwamba safari hii wakipita pale mwavuli utafunguliwa. Mwavuli haukufunguliwa. Mapigo ya moyo ya watu yakapanda, na ya farasi yakapanda pia, wakati farasi hakuna aliyemwambia habari za mwavuli. Ukibana mapaja, ukazuia pumzi, ukavuta hatamu fupi, unamthibitishia kwamba ndiyo, kona ile ina jambo.

Ndo maana wazoefu wanafika mapema, wanamtembeza kwanza kwa miguu, pande zote mbili, taratibu, na mlangoni wanasimama kidogo macho yazoee. Akiwepo farasi mwenzake mtulivu ndani, hiyo ni nusu ya kazi imeisha. Ukishapanda usimburute hadi kwenye kona anayoiogopa, fanya duara kubwa upande mwingine, kila mzunguko unasogea kidogo, na unapopita pua yake ielekee katikati ya ukumbi kidogo badala ya kumkazia macho kwenye kitu chenyewe. Mpe kazi, tembea, troti (mwendo wa kukimbia taratibu), tembea tena, geuka, simama, akili yake ije kwako. Pumua kwa kutoa hewa nje kwa muda mrefu, na macho yako yatazame unakokwenda, maana ukikitazama kile kiti mwili wako wote unakielekea. Ukimkwaruza pale shingo inapokutana na mgongo, karibu na mabega, mahali farasi wanapokunana wenyewe, mapigo yake yanashuka, hilo limepimwa, kule kumpigapiga makofi shingoni ni mazoea yetu tu.

Fimbo iache. Ukimchapa pale anaposhtuka, kona aliyoihisi ina hatari sasa kweli ina maumivu, na kesho ataanza kugoma mita kumi kabla.

Na akikataa kabisa, anataka kusimama kwa miguu ya nyuma, shuka umwongoze kwa mkono. Farasi hajui nani kashinda, anachokijua ni kwamba alipita pale na hakudhurika, iwe ulikuwa juu au chini. Ukipanda tena anzia upande ambao hamjaupita bado.