“Kizuri Chajiuza” na Mengine Tunayodanganyana Wasanii wa Bagamoyo

Kila mwaka, Tamasha la Sanaa na Utamaduni likikaribia, mabanda huanza kusimamishwa pale TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, na sisi wa kazi za mikono huanza kupeana ushauri. Mwingi ni mbovu. Najua kwa sababu mwenyewe niliufuata. Mimi nachora, na kwenye banda langu namuuzia pia shangazi yangu mikeka yake. Haya ninayoyapinga hapa niliyaamini kwa miaka, na mengine yalinilia hela.

“Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza”

Tuanze na methali yenyewe, maana ndiyo inayotuponza. Aliyeitunga nadhani aliuza kitu ambacho kijiji kizima kilikijua. Mgeni anayeshuka Mtaa wa India Jumapili mchana hajui ukindu, yale majani ya mkindu, ni nini, wala ukili, ule msuko mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, unasukwaje. Anapita mabanda matano yenye mikeka, vinyago na picha, na machoni pake vyote ni vizuri. Kwa nini asimame kwako?

Angalia kanga. Hakuna kitu kizuri kuliko kanga mpya, lakini mwanamke wa pwani haangalii rangi tu. Anaifungua, anatafuta maandishi, anauliza, “Inasemaje?” Jina la kanga ndilo linalomfanya achague hii aiache ile. Tena wafanyabiashara hawakuishia hapo. Kule Mombasa, familia ya Kaderdina Hajee Essak waliandika kwenye kanga zao “K.H.E. – Mali ya Abdulla”, na hadi leo wapo mama zetu wanaoangalia maneno hayo kabla ya kutoa pesa. Huo ni utangazaji, na umekuwepo pwani yetu kabla hata ya redio.

Kwenye banda langu nimeyaona haya kwa macho. Siku ambayo mikeka imekunjwa na kupangwa vizuri ndani, watu hupita. Siku ambayo shangazi kakaa kwenye gunia pale nje, miguu kainyoosha, ukili unamtiririka mapajani, watu husimama. Kuna mtoto mmoja wa Dar aliyekuja na wazazi wake alichuchumaa mbele yake akauliza, “Bibi, hayo ni makaratasi?” Shangazi akacheka hadi miwani ikamteleza. “Ukindu huu, mwanangu. Njoo ushike.” Akampa nyuzi mbili, akamwonyesha hii ipite juu, hii chini. Mama mtu alikuwa ameshaanza kuondoka, akarudi. Waliondoka na mikeka miwili.

Mkeka ulikuwa uleule wa jana. Kilichoongezeka ni kwamba mtu alijua anachokitazama.

“Chapa ni nembo. Tafuta fundi wa kompyuta akuchoree”

Mimi niliwahi kuchapisha stika 500: jahazi, mnazi, jua linazama. Duka moja la uchapaji mjini liliniletea zimeandikwa “Bagamayo”. Nilifoka, nikakataa kulipa salio, nikarudi nazo nyumbani nimenuna. Halafu nikaziweka mezani kando ya stika za majirani zangu wawili. Mmoja ana jahazi na mnazi. Mwingine ana jahazi na jua. Nikabaini kuwa lile kosa la herufi ndilo kitu pekee kilichozitofautisha za kwangu.

Nembo si kitu kibaya. Lakini inakuja mwisho, kama kitasa kwenye mlango. Huwezi kununua kitasa kabla hujajenga nyumba. Chapa ni kile ambacho mteja anaweza kumwelekeza mwenzake bila wewe kuwepo. Shangazi hakuwa na nembo yoyote, ila mwaka mmoja alibakiwa na ukindu mwingi uliochovywa rangi nyekundu, akautumia kushonea pindo mikeka yake yote. Baada ya miezi michache watu wakawa wanafika bandani wanauliza, “Ile mikeka ya pindo jekundu iko wapi?” Hawakuulizia jina lake wala langu. Pindo.

Na walivyolishika! Rangi nyekundu ilipoisha akatia zambarau kwenye mikeka minne, akidhani anatuongezea uchaguzi. Mteja wa Kibaha aliyetumiwa picha akapiga simu: “Samahani kaka, hii ni kazi ya yule mama, au mmeleta ya mtu mwingine?” Tangu siku hiyo, nyekundu ikiisha tunasubiri.

“Nimeshasajili BRELA, jina ni langu peke yangu”

Hapa wengi huchanganya mambo mawili yanayofanyika ofisi moja, BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Kusajili jina la biashara kunaijulisha serikali nani yuko nyuma ya jina hilo. Unalihitaji kwa akaunti ya benki, leseni na zabuni. Lakini halikupi haki ileile ya kumzuia mtu kubandika jina hilo kwenye bidhaa zake. Kazi hiyo ni ya alama ya biashara, inayosajiliwa chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, kwa maombi yake na ada zake.

Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa, na madaraja ya kimataifa yako 45. Picha za kuchora ziko daraja la 16, sanamu za mbao la 20, mikeka la 27. Kwa hiyo mimi na shangazi, banda moja, tungehitaji mawili. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Na unaishia Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria na ofisi yao, jambo la kukumbuka kwa wanaopeleka mzigo Unguja kila wiki.

Je, kila mwenye meza pale Ngome Kongwe akimbilie alama? Sidhani. Kama unauza wikiendi tu, anza na jina la biashara. Ila tafuta kwanza kwenye mtandao wa BRELA kama limeshachukuliwa, kabla ya kuchapa hata fulana moja. Na usijiite jina la mji tupu. “Bagamoyo Arts”, “Bagamoyo Crafts”, “Bagamoyo Sanaa”: mteja akifika Bunju, njiani kurudi Dar, hakumbuki alikuwa kwa nani.

“Bila kusajili COSOTA huna hakimiliki”

Unayo. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, picha au sanamu yako inalindwa tangu ulipoiumba, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kusajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kunakusaidia kuthibitisha siku mkigombana, na kwa sababu hiyo tu nakushauri usajili. Piga picha kazi zako, tunza tarehe.

Ila hakimiliki hailindi mtindo, na hapa ndipo wengi huumia. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung’aa za kupakia baiskeli juu ya hadibodi. Alikufa mwaka 1972. Miaka minne tu! Leo jina lake ni jina la mtindo, na yeyote anaweza kuchora twiga wa Tingatinga akauza. Kinachomtofautisha mchoraji mmoja na mwingine katika bahari hiyo ni mkono wake na sahihi yake pale chini. Bado naona vijana wanauza picha zisizo na jina la mchoraji, eti “mzungu anataka Tingatinga, hanitaki mimi”. Basi hatakuja kukuulizia kamwe.

Na ndiyo, pindo jekundu limeshaigwa. Banda la tatu kutoka kwetu. Shangazi alikwenda, akaugeuza mkeka, akakagua mshono, akarudi ameridhika. “Ule utaachia kabla ya Ramadhani.”

“Hadithi inauza, kwa hiyo itie chumvi”

Hadithi inauza kweli. Ila Bagamoyo chumvi tumezidisha. Nimesoma lebo zinazosema mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO. Haumo. Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ambayo Bagamoyo ni mwisho wake, kwenye orodha ya mapendekezo mwaka 2006, na mapendekezo si usajili. Walio ndani ni wenzetu kama Kilwa Kisiwani na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mtalii ana simu. Akikuta umemdanganya kwenye UNESCO, anaanza kutilia shaka na mti.

Na mti nao una habari zake. Mpingo una sifa, basi kuna wanaochukua mbao laini, wanapaka kiwi ya viatu mara tatu, wanapiga brashi, wanauza “ebony”. Jirani yangu mchonga vinyago alichoka kubishana, akaweka ndoo ya maji kando ya meza. Mteja akiwa na shaka, anatumbukiza kipande. Mpingo unazama moja kwa moja kama jiwe. Ile ya kiwi inaelea, na maji yanabadilika rangi. Watoto wanaipenda sana ile ndoo. Wengine huacha kwa makusudi kipande cha rangi ya njano hafifu pembeni ya kinyago, ile sehemu ya nje ya gogo, ili mtu auone mti wenyewe.

Mteja wa nje huuliza pia kama atazuiwa uwanja wa ndege. Mpingo umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu Januari 2017, lakini tangu mwishoni mwa 2019 bidhaa zilizokamilika zenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa mzigo zimeondolewa kwenye sharti la kibali cha mkataba huo. Kinyago cha nusu kilo hakimtishi mtu. Anayetaka kusafirisha shehena, au magogo, hilo ni jambo jingine. Aende kwanza TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Risiti iliyoandikwa “kinyago cha mpingo, kimechongwa Bagamoyo”, uzito na jina la mchongaji, inamtuliza mteja kuliko hadithi ya babu wa saba. Halafu tusisahau: Wamakonde asili yao ni kusini, huko uwanda wa Makonde na ng’ambo ya Ruvuma. Kama baba yako alihamia huku akiwa na patasi zake, hiyo ndiyo hadithi. Iandike hivyohivyo.

“Wafuasi wengi, wateja wengi”

Hili nitalimaliza upesi. Nilipata wafuasi kwa kurusha video ya ngoma, walitaka ngoma. Wanaonunua kwangu wako kwenye WhatsApp na kwenye daftari: jina, namba, alichukua nini, sebule yake ina rangi gani. Picha napiga asubuhi mapema mlangoni, kivulini, na mkono wa mtu pembeni ili saizi ionekane. Bei naandika. Ile “bei njoo inbox” inawafukuza watu wazima.

“Shusha bei, watu watajaa”

Mwaka juzi nilikaa na shangazi tukapigia hesabu mkeka mmoja mkubwa. Ukindu shilingi 12,000. Rangi 4,000. Uzi na sindano 1,000. Ukili pima 20 na kitu, akisuka baada ya Alasiri mpaka Magharibi, na siku za kushona juu yake: tukapata kama saa 45. Tulikuwa tunauza 35,000. Toa gharama, zinabaki 18,000; gawa kwa saa 45. Shilingi 400 kwa saa.

Shangazi aliangalia karatasi, akaniangalia mimi. “Haitoshi hata soda.”

Kuuza rahisi hakukujaza watu. Kulijaza wachuuzi waliokuwa wanakwenda kuiuza Dar kwa zaidi ya maradufu, bila kusema imetoka kwa nani. Na lile wazo kwamba mgeni alipishwe mara tatu ya mwenyeji nalo ni bovu, hasa sasa ambapo wateja wangu wengi ni Watanzania wanaokuja kupumzika mwisho wa wiki, na wanasimama meza moja na hao wageni wakisikia bei zote mbili. Kamisheni ya mwongoza watalii ipo, tusijifanye haipo. Nimeiingiza ndani ya bei moja, basi.

Tukaupandisha mkeka mkubwa hadi 70,000, bei imeandikwa kwa kalamu nene. Wiki ya kwanza hakununua mtu, nami nikaanza kutetemeka. Shangazi ndiye aliyetafuta njia: akashona misala, mikeka midogo ya kusalia, ukili uleule, pindo lilelile, 25,000. Mtu akishangaa bei ya mkubwa, yeye habishani wala hapunguzi. Anamwambia, “Basi chukua huu, mwanangu, mkono ni mmoja,” na anaendelea kusuka.

Jumamosi iliyopita imetoka misala mitatu. Mkubwa bado unaning’inia mlangoni, na kila asubuhi shangazi anaufuta vumbi kwa ncha ya kanga yake.