Je, wajua kwa nini dhahabu ya Chunya ni ya njano?

Wengi husema unjano wa dhahabu unatokana na udongo ilimolala, au na shaba iliyochanganyika nayo. Sivyo. Kadiri dhahabu inavyosafishwa ndivyo unjano wake unavyokolea, na ile inayopauka mara nyingi ina madini ya fedha ndani yake. Rangi imo ndani ya atomu yenyewe, na chanzo chake ni nadharia ya uhusianifu, ile inayoeleza vitu vinavyokwenda kwa kasi inayokaribia ya mwanga, aliyoitoa Einstein mwaka 1905. Nayo hudhaniwa kuwa ni ya nyota na roketi tu!

Elektroni, chembe zinazozunguka kiini cha atomu, zile za ndani kabisa hukimbia kwa kasi inayotegemea idadi ya protoni, chembe zilizo ndani ya kiini. Igawe idadi hiyo kwa 137, utapata sehemu ya kasi ya mwanga. Dhahabu ina protoni 79, hivyo elektroni zake hupita nusu ya kasi hiyo. Hapo huwa nzito zaidi na kusogea karibu na kiini.

Wanafizikia hupiga hesabu kwanza bila Einstein, kisha huongeza marekebisho. Ni kama kupima nyanya za Ilula. Zikiwa kwenye kifuko chepesi, uzito wa kifuko unaweza kuusahau. Zikiwa ndani ya tenga la mbao, ukisahau tenga umemdhulumu mnunuzi. Haidrojeni ni kifuko: marekebisho ni kama asilimia 0.005. Kwa fedha hukaribia 12, kwa dhahabu 33. Ni makadirio tu, tena ya elektroni za ndani, lakini za nje nazo huguswa: pengo la nishati kati yake hupungua, dhahabu humeza mwanga wa buluu na kuturudishia njano. Pengo la fedha ni pana, hivyo fedha hubaki nyeupe.

Kwenye tabia za sumaku, marekebisho haya hufika hata kwenye atomu jirani. Iodini, ambayo atomu yake ni nzito, ikiungana na haidrojeni, hubadili sana uga wa sumaku unaokifikia kiini cha haidrojeni, ingawa haidrojeni ni nyepesi kuliko atomu zote.

Na zebaki, ambayo wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu, ina protoni 80. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2013 zilionyesha kwamba bila uhusianifu ingeyeyuka kwenye nyuzi 82 hivi za Selsiasi, badala ya 39 chini ya sifuri. Kwenye karai la mchimbaji ingekuwa kipande kigumu cha metali, kisichokamata chochote.